Mgonjwa wa Mjomba Mkubwa

Sparkhill, Birmingham
7 Septemba 2025

Mpwa wangu Maisara,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa kitako vizuri, maana anayekuandikia ni mtu ambaye asipofika kazini asubuhi, hospitali nzima haisogei. Madaktari bingwa wanasimama na visu mkononi wanaulizana, "Mkubwa yuko wapi?" Profesa mmoja alikataa katakata kumpasua mtu mpaka miye nimtazame kwanza. Nikamtazama, nikatikisa kichwa, akarudishwa wodini. Kumbe walikuwa wanataka kumtoa figo zima wakamwachia bovu! Miye si mtu wa kujisifu, lakini ukweli una haki yake.

Mama yako ameniambia kwamba unaomba kusomea udaktari, na kwamba amekunyang'anya simu mpaka mambo yaishe. Dada yangu Nunu tangu utoto ni serikali. Basi vizuri, tuandikiane barua kama watu wenye adabu zao.

Nimeambiwa mwezi ujao unapeleka insha zako, na wakizipenda watakuita kwenye mahojiano. Kwenye insha andika kwamba mjomba wako alizalisha mapacha ndani ya basi, Stratford Road, foleni haiendi mbele wala nyuma, kwa mikono yake na koti la jirani yake Jaspal. Koti Jaspal analidai mpaka leo.

Ama mahojiano, hayo nayajua kama ninavyojua sebule yangu. Wanakupitisha chumba hadi chumba. Kengele ikilia unaingia, ikilia tena unatoka. Na katika chumba kimoja atakuwepo mtu anayejifanya mgonjwa, nao wanakutazama utakavyosema naye. Hapo ndipo wanapoanguka watoto wa watu, na akili zao zote za vitabuni.

Kwa hiyo nimekuzulia mgonjwa. Barua yake ya Kiingereza imo humu humu ndani ya bahasha. Msome, kisha mjibu kama daktari, jibu uniletee miye. Na ushike neno moja: mgonjwa hanyimwi neno zuri. Akikuuliza nitapona, mwambie utapona. Akikuuliza utakuja kunitazama, mwambie nitakuja. Ndivyo tulivyolelewa.

Mjomba wako,
Mkubwa


Hull
16 Septemba 2025

Mjomba Mkubwa, shikamoo.

Barua imefika salama. Mama anakusalimu na anasema mapacha wa kwenye basi mwaka juzi walikuwa mtoto mmoja, na mwaka kabla ya huo alikuwa ni mwanamke aliyezimia tu. Mapacha sitawaandika, Mjomba, usinikasirikie. Kila neno utakaloliandika kwenye insha wanaweza kukuhoji. Nimeandika habari za Bibi Zuleha, siku zile alipopooza kule Unguja nami nikawa namlisha uji, nikajifunza kujua anataka nini kwa kumtazama macho tu.

Lakini huyu Bwana Ogle wako! Mjomba, sikujua kama una kipaji cha namna hii. Nilifungua nikitarajia mzaha, nikajikuta nasoma nimesimama jikoni na chai inapoa. Hata mwandiko umeubadilisha, herufi zote zimelala upande mmoja, na Kiingereza chenyewe cha watu wa zamani. Pale anaposema kwamba hana maumivu ila uzito kifuani, "kama mtu aliyekaa juu yangu na hana haraka," nililazimika kuiweka barua chini. Na pale anapobonyeza kengele na haji mtu.

Nimemjibu. Nimemuuliza nani humletea vitu, na anasikia nini pale alipo, kwa sababu mwalimu wetu anasema daktari mzuri huuliza na yale yasiyo ya ugonjwa. Mwishoni ananiuliza, "Will you come and see me?" Nikafuata maneno yako. Nimemwambia naahidi, nitakuja.

Jibu lake nimelifunga kwenye bahasha yake, limo humu.

Mpwa wako,
Maisara


Sparkhill
29 Septemba 2025

Maisara mwanangu, marahaba.

Ogle! Ehe, ndiye huyo huyo, Ogle. Jina hilo nililitafuta muda mrefu sana. Nilipitia majina ya Waingereza wote ninaowajua nikaona hili ndilo lenye uzito wa mgonjwa.

Jibu lako nimelipata, limenitoa machozi. Nimeliweka kabatini pamoja na pasipoti, ujue thamani yake.

Sasa nataka nikupime kidogo. Hebu niandikie, kwa ufupi, huyo Ogle nilimwelezaje? Umri wake, sura yake, yuko wapi. Miye nakumbuka yote, nataka kuona kama weye umesoma kwa makini. Daktari huanzia hapo.

Barua ya pili ya mgonjwa sitaileta haraka, nina kazi nyingi. Jana mkuu wa hospitali mwenyewe kanishika bega, kaniambia, "Mkubwa, ukistaafu tutafunga."

Mjomba wako,
Mkubwa


Hull
19 Oktoba 2025

Mjomba, shikamoo.

Insha zimekwenda. Nimeomba vyuo vinne, kimoja kiko huko kwenu Birmingham, na hicho ndicho ninachokitaka kuliko vyote.

Unasema barua ya pili huileti haraka, nami naisoma ya kwako yenye maneno hayo, na barua ya pili ya Ogle iko mezani! Zimefika siku moja. Umenipata, nimecheka peke yangu.

Hili ni jibu la mtihani wako. Ni mzee, hasemi umri, anasema tu kwamba aliacha kuhesabu. Ana blanketi magotini. Amekaa mwisho wa ukumbi mrefu penye dirisha. Nilimuuliza nani humletea vitu, anajibu hakuna aliyemletea kitu tangu ukumbi ulipozibwa kwa mbao. Nilimuuliza anasikia nini, anasema husikia magurudumu, na mtu mmoja mweusi anayesukuma viti vya wagonjwa, anayepita akipiga mluzi na hamtazami. Yaani umejitia na weye mwenyewe ndani ya hadithi, Mjomba! Wimbo wenyewe kaueleza, ule wa harusi unaoupiga kila ukiosha vyombo.

Lakini kuna jambo limenikaa vibaya. Ameuliza mara mbili katika ukurasa mmoja nitakuja lini. Anasema nilimpa neno langu: "You gave me your word." Mwalimu wetu nilipomsimulia alikunja uso. Anasema daktari wa hapa hamwahidi mgonjwa jambo asilolimudu, na kwenye mahojiano ukiahidi ovyo wanakukata. Nimemjibu Ogle kwa ujanja ujanja, kwamba nitakuja mambo yakiruhusu. Jibu limo humu, nalo nimelifunga.

Maisara


Sparkhill
2 Novemba 2025

Mwanangu Maisara,

Mzaha wa mluzi umekuchekesha, eti? Vizuri. Siku hizi sipigi mluzi. Koo tu, hewa ya baridi.

Nimefikiri nikaona Ogle ametosha. Amepona. Nimemruhusu, amekwenda kwao, anakula samaki na chipsi. Mgonjwa nimemzua mwenyewe, nikisema amepona basi amepona. Wiki zijazo nitakutafutia mama mmoja wa Erdington mwenye kisukari, mkorofi, hataki kuacha biskuti. Huyo ndiye atakayekufundisha kazi.

Na ili ujue mjomba wako ni nani: pale kazini upo ukumbi wa jengo la zamani, umezibwa mbao, hautumiki. Juu ya mbao ipo taa nyekundu ya kengele ya wagonjwa. Wiki hii, mchana kweupe, taa imewaka. Watu wote walikimbia! Vikram wa mapokezi akasema ni nyaya mbovu. Miye nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mbao, nikasimama nimeshika kiuno, nikasema, "Unanijua miye? Miye ni Mkubwa!" Taa ikazima palepale. Nikasikia kwa ndani kama mtu anavuta blanketi. Ningekaa zaidi ila ulikuwa wakati wa chakula.

Jibu lako la pili nimeliweka na la kwanza.

Mkubwa


Hull
23 Novemba 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimeitwa! Ni hicho chuo cha Birmingham, mahojiano yatakuwa Januari. Mama amelia, kisha akaniambia niendelee kusoma. Vyuo viwili vimeshanikataa na cha tatu kimenyamaza, kwa hiyo nafasi yangu ni hii moja. Nikianguka hapa, mwaka mzima umekwenda.

Kwa sababu hiyo nakuomba kitu kwa heshima zote. Mwache Ogle. Barua ya tatu imefika jana na safari hii sikucheka. Inaanza hivi, naigeuza kwa Kiswahili: "Mjomba wako anawaambia watu nimepona. Sijapona. Niko palepale ulipoahidi utanikuta."

Najua ni sanaa, Mjomba, na ni sanaa ya hali ya juu. Lakini nikikaa kusoma naona naandikiwa na mtu anayengoja kweli. Mama ameishika ile barua, akainusa, akasema ina harufu ya nyumba iliyofungwa. Nimemwandikia Ogle jibu fupi, kwamba nina mahojiano Januari na baada ya hapo tutaonana. Ni adabu tu, sikutaka kumwacha hivihivi. Limo humu. La mwisho.

Maisara


Sparkhill
8 Desemba 2025

Maisara,

Hongera, hongera sana. Nimewatangazia Sparkhill nzima. Mwenye duka la nyama amenipa kilo ya bure.

Hutapata tena barua ya Ogle. Nimemkataza.

Sasa nisikilize vizuri. Lile neno nililokuambia mwanzo, kwamba mgonjwa hanyimwi neno zuri, lifute. Usimwahidi mtu kitu. Akikuomba usichoweza, mwambie hapana usoni kwake, kwa upole, kisha ubaki hapo hapo usikimbie. Hata akiwa mzee. Hata akiwa na blanketi. Umenielewa?

Siku ya mahojiano sitakuja kukupokea stesheni, niko zamu. Atakuja Jaspal, utamjua kwa kilemba cha buluu na makelele. Ukimaliza panda treni urudi kwa mama yako. Usinifuate kazini.

Ayatul Kursi ukiijua isome. Si kwa sababu ya kitu chochote.

Mjomba wako


Hull
15 Machi 2026

Mjomba, shikamoo.

Simu nimerudishiwa tangu Januari. Nimekupigia mara nyingi mno, hupokei. Jaspal anasema u mzima, unakwenda kazini na kurudi. Basi nimerudi kwenye karatasi.

Nimepata nafasi. Wamenikubali. Nilitakiwa nianze barua kwa vigelegele, lakini siwezi, na nitakueleza kwa nini.

Kule chuoni kila mlango ulibandikwa karatasi ya maelezo. Unaisoma umesimama, kengele inalia, unaingia, ndani yupo mtu wa kukupa maksi. Mbele yangu, mlango hadi mlango, alikuwa msichana mmoja anaitwa Deeqa, Msomali aliyekulia Nairobi. Tukawa tunatupiana macho ya kutiana moyo. Baada ya chumba cha hesabu za dawa, nilifika kwenye mlango usio na karatasi. Nikadhani wamesahau kubandika. Kengele ikalia, nikaingia.

Hakukuwa na mtu wa maksi. Alikuwepo mzee amenipa mgongo, ameelekea dirishani, blanketi magotini. Kulikuwa na baridi, na harufu ile aliyoinusa mama. Hakugeuka. Alisema, "You came, Maisara." Jina langu alilitamka kama anavyolitamka bibi, sijawahi kumsikia Mwingereza akilipatia namna ile.

Nilitaka kutoka. Mkono ulishashika kitasa. Kisha nikawaza, huyu ni mgonjwa wa kuigiza na hii ndiyo nafasi yangu pekee, na nikakumbuka barua yako. Nikavuta kiti nikakaa. Akataka nimwambie kwamba anarudi kwao: "Tell me I'm going home." Nikamwambia siwezi kumwambia hivyo, kwa sababu sijui, na kwamba nilikosea kumwahidi kitu mtu nisiyejua hali yake. Nikamwambia ninachoweza ni kukaa. Tukakaa. Mjomba, sijawahi kusikia kimya kama kile, hata nje hakuna gari. Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeondolewa mzigo, akasema, "Nobody ever said it," yaani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kengele ikalia. Sikumwona uso.

Wakati wa chai nikamuuliza Deeqa, yule mzee wa dirishani alikuuliza nini? Akaniuliza, mzee gani? "Tumetoka kwenye dawa tukaja kwenye chai, wewe ulichelewa kidogo, nilidhani umekwenda msalani."

Nimelikalia jambo hili miezi miwili. Kuna njia moja tu ya kulieleza. Wewe unajuana na maprofesa, umesema mwenyewe. Wewe ndiye uliyeandika zile barua na majibu yangu yote unayo. Umemtafuta mtu, umempa barua, akapangwa anisubiri. Labda uliona unanisaidia. Lakini kama ni hivyo nimepita kwa hila, Mjomba, na waliokosa nafasi walikosa kwa haki. Nisingeweza kumgusa mgonjwa yeyote nikijua hilo.

Mwisho wa mwezi nawajibu chuo. Kama una mkono wako humo, nitawaandikia ukweli na nafasi nitaiacha. Nimeshamwambia mama. Nakuomba unijibu, na nakuomba usinisimulie hadithi. Ulimpanga yule mzee? Barua uliandika wewe?

Maisara


Sparkhill
19 Machi 2026

Mwanangu Maisara, marahaba.

Usiiache nafasi yako. Nimeanza na hilo ili hata ukiichana barua hii katikati uwe umeshalisoma.

Sikumpanga mtu. Maprofesa siwajui. Miye kazi yangu kusukuma vitanda na viti, na mkuu wa hospitali nikimwona nampisha njia. Chuo ulichofanyia mahojiano sijakanyaga mlangoni pake. Kwa hiyo ulichokipata umekipata mwenyewe, na yule mzee wa dirishani hakutumwa na miye.

Barua za Ogle sikuandika. Ya pili sikuandika, ya tatu sikuandika. Na ile ya kwanza pia. Siku ile nilikuwa nimekaa kazini kwenye benchi, karibu na zile mbao, na karatasi nyeupe mapajani, bahasha yenye anwani yako iko tayari. Nimekwama. Pembeni yangu akawa amekaa mzee wa kizungu ana blanketi. Sikumwona akija, nikadhani katoka wodini kunyoosha miguu. Akaniuliza kimenisibu nini. Nikamsimulia, unanijua sinyamazi: mpwa wangu, udaktari, mgonjwa wa kuzua. Akasema nipe. Akaandika haraka, akakunja, akatia ndani ya bahasha akaifunga mwenyewe, akaitazama anwani yako kwa muda. Miye niliipeleka posta. Jina la Ogle nililisikia kwako.

Barua yako ya kumsifu ilipofika, ningefanyaje? Hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa kuandika. Nikapokea sifa. Ya pili ilipokuja nikajiambia ni yule mzee, ameipenda kazi. Nikamtafuta. Nilimuuliza Vikram, akatazama kwenye kompyuta, hakuna mgonjwa wa jina hilo. Na benchi lenyewe, Maisara, ananiambia pale halijawahi kuwepo benchi. Nimekwenda kutazama. Kweli hakuna. Ndiyo maana nikakuandikia kwamba amepona, nilidhani nikilisema litakuwa. Na ile habari ya kusimama mbele ya mbao nimeshika kiuno, nilikimbia kuliko wote.

Sasa hili ndilo lililonifanya nisipokee simu. Utasema huyo mzee alisomaje majibu yako. Majibu yako yote yako kabatini. Nimeyatoa sasa hivi, ninayo mbele yangu, bahasha zote zimefungwa kama ulivyozifunga kwa mate yako. Hakuna aliyezifungua. Kamuulize mama yako kama kuna siku nimewahi kula kiapo. Leo nakula: wallahi hakuna aliyezifungua. Yule mzee aliyajibu yakiwa humu ndani, chini ya pasipoti yangu.

Tangu Januari taa haijawaka tena. Mbao zimetolewa, wanapaka rangi, wanataka kuweka ofisi. Nilipita na kiti juzi, nikachungulia. Dirisha lipo.

Kwa hiyo waandikie chuo, sema ndiyo. Na ukiulizwa siku yoyote kama mjomba wako alikusaidia, una haki ya kusema hakuweza, na sababu yake nakupa, uitumie ukilazimika, lakini mama yako usimwambie na Jaspal ndiyo kabisa. Barua zangu za halmashauri hunisomea Jaspal, za benki hunisomea Jaspal, miaka yote hii namwambia nimesahau miwani nyumbani. Miwani sina. Macho yangu mazima. Kiingereza nakisema tu, mwanangu. Kukisoma sijui, wala kukiandika.

Mkubwa